Jinsi ya kumchagulia mtoto vitabu vya picha (na jinsi ya kumsomea bila nyote wawili kuboeka)

Wazazi wenzangu, hili swali la "nimnunulie mwanangu vitabu gani" naulizwa kila wiki na nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndo nimeona niandike yote kwa mpigo. Mie sio mwalimu na wala sijasomea malezi popote, nina watoto wawili tu, wa kiume ana miaka minne na nusu na mdogo wake wa kike ndo kwanza mwaka na nusu, ila nimeshapoteza hela ya kutosha kwenye vitabu vya ovyo mpaka akili ikanikaa.

Mara ya kwanza nilinunua seti ya vitabu kumi, vimefungwa kwenye nailoni, kava zinang'aa balaa. Kufika nyumbani nafungua, kila ukurasa una kitu kimoja kimesimama peke yake kwenye karatasi nyeupe: epo, mpira, paka, ndoo. Kitabu cha pili hivohivo ila wanyama, cha tatu magari. Dogo kafungua cha kwanza, kafungua cha pili, alafu vyote kumi akavipanga chini akatengeneza daraja la gari lake. Nikaanza kulalamika kwa baba yake eti mtoto wetu hapendi vitabu. Kumbe mle ndani hamna kitu cha kupenda, ni ile chati ya ukutani ya nasari imekatwakatwa vipande.

Basi twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Kabla hujalipa, funika maneno

Hii ndo muhimu kuliko zote, ukiishia hapa hapa umeshapata nusu ya kazi. Ukishika kitabu dukani fungua ukurasa wa katikati, weka kiganja juu ya maneno, angalia picha peke yake. Je, unaweza kusema kuna nini kinatokea? Nani kafanya nini, mwenzie kakasirika au anacheka, na unatamani kufunua uone kinachofata? Kama ndio, hicho ni kitabu cha picha. Kama ukifunika maneno unabaki na sungura tu kasimama anatabasamu, rudisha shelfu.

Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma herufi, anasoma picha, na anaisoma vizuri kuliko sisi maana sisi macho yanakimbilia kwenye maneno. Wewe unasoma mstari mmoja, yeye keshaona kuku nyuma ya mlango, keshaona kiatu kimoja hakipo. Kitabu kizuri kinamwekea vitu vya namna hiyo makusudi.

Mfano mzuri kabisa ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kimetoka 1994, hadithi yake iko Kenya upande wa Waluo. Handa kabeba kikapu kichwani chenye matunda saba anampelekea rafiki yake Akeyo, na njia nzima anawaza sijui Akeyo atapenda lipi, ndizi au pera au embe. Maneno yanaongelea hayo tu. Sasa angalia picha: nyuma yake nyani anachomoa ndizi, mbuni anabeba pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku anamalizia na pasheni. Hakuna sentensi hata moja inayosema anaibiwa! Anayejua ni mtoto anayeangalia picha, na raha yake ni kwamba yeye anajua na Handa hajui. Mwanangu alikua anapiga kelele "Handaaa geuka nyuma!" mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mama mkwe alitutembelea kutoka Lushoto, Kingereza hajui na miwani kaisahau huko huko kwake. Kakichukua hichohicho kitabu akamhadithia mjukuu mwanzo mpaka mwisho kwa picha tu, tena ya kwake ilikua tamu kuliko yangu, maana aliongeza na lawama: "ona sasa, mtoto kabeba mzigo kichwani anawaza mambo yake, haangalii nyuma wala pembeni." Kwahiyo ukisikia mtu anasema bibi hawezi kumsomea mtoto kwa sababu hajasoma, mpe kitabu kilichopita mtihani wa kiganja alafu kaa pembeni usikilize.

HATUA YA 2: Angalia umri, ila usiushike sana

Mtoto mchanga anaona vizuri kitu kilicho karibu, kama sentimita 20 mpaka 30 hivi, yani umbali wa uso wako ukiwa unamnyonyesha. Huyo picha kubwa zenye mkolezo, nyeusi kwa nyeupe, sura za watu, inatosha. Wala usinunue, chukua manila na maka pen nyeusi uchore mwenyewe duara, mistari, uso wenye macho makubwa.

Miezi sita mpaka miaka miwili tafuta vile vya kurasa ngumu kama boksi, maana kitaliwa. Sitanii, wa kwangu alikula kona nzima ya kitabu cha ng'ombe. Umri huu ndo pekee ambao vile vya "kitu kimoja ukurasa mmoja" vina kazi, ila chagua vyenye vitu anavyoviona nyumbani, sufuria, kandambili, mbuzi, bajaji. Vya kuangalia theluji na mtu wa theluji subiri kwanza.

Miaka miwili mpaka minne ndo utamu wenyewe. Hapa unataka hadithi fupi yenye maneno yanayojirudia, ili ikifika mara ya tatu mtoto ayaseme yeye. Ngano zetu zilikua hivohivo siku zote, kuna wimbo katikati unajirudia na kila mtu anaitikia. Kitabu chenye kibwagizo hakikushindi kusoma hata ukiwa umechoka hoi.

Kuanzia miaka minne mitano anaweza kukaa na hadithi yenye tatizo la kweli, mtu anataka kitu hakipati, rafiki kamsaliti rafiki. Lakini pia wangu wa minne na nusu bado anavichukua vya mdogo wake, anajifanya anamsomea, namuacha.

HATUA YA 3: Soma ukurasa mmoja kwa sauti hapohapo dukani

Usione aibu, muuzaji kashazoea. Vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto vimetafsiriwa haraka haraka na ukivisoma kimoyomoyo huoni tatizo, ila ukitamka ulimi unagoma. Unakuta "Sungura alikuwa na wakati mzuri na marafiki zake." Hivi kuna mtu kwenu anaongea hivyo? Tunasema alicheza na wenzie mpaka giza likaingia. Ukikwama mara mbili kwenye ukurasa mmoja, achana nacho, maana utakisoma mara mia na hamsini.

Na vile vya alfabeti angalia kwa jicho la ukali. Kiswahili hakina neno linaloanza na Q wala X, kwahiyo ukikuta kitabu cha "alfabeti ya Kiswahili" kina kurasa za Q na X ujue kimechukuliwa cha Kingereza kikabandikwa kava. Wamarekani wawili, Muriel Feelings na mchoraji Tom Feelings, waliliona hilo zamani sana, kile chao cha alfabeti cha 1974, Jambo Means Hello, kina herufi 24 tu. Kingine chao cha kuhesabu moja mpaka kumi, Moja Means One, cha 1971. Maelezo ni ya Kingereza maana vililenga watoto wa kule, ila michoro ya huyo baba ni laini hivi, vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott, ile ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto. Walio nje na watoto wao Kiswahili kinaanza kupotea, anzeni na hivyo.

HATUA YA 4: Vingine ninavyopendekeza

Sitaweka orodha ya vitabu hamsini, hivi vichache nimevishika mwenyewe.

John Kilaka, Mtanzania mwenzetu, anachora kwa staili ya tingatinga, wanyama wamevaa mashati na vitenge na rangi zinakupiga usoni. Vitabu vyake vimejulikana Ulaya kuliko hapa kwetu, jambo linaloniuma kidogo. Kimoja ni cha mti wa ajabu ambao matunda hayadondoki mpaka ulitaje jina lake, wanyama wakubwa wanatumwa wakaulizie na wanalisahau njiani, mtoto wako atalikumbuka yeye kabla ya sungura.

Tololwa Mollel, mzaliwa wa Arusha, ana kitabu cha mtoto anaitwa Saruni anayekusanya sarafu zake anunue baiskeli amsaidie mama yake kubeba mizigo ya sokoni, My Rows and Piles of Coins cha 1999. Maneno mengi kidogo, ni cha miaka mitano kwenda juu. Mwanangu baada ya hapo akaanza kupanga visarafu kwenye kopo la maziwa na sasa ananidai.

Owen na Mzee, huyu Owen ni kiboko mtoto aliyepoteza wenzie pwani ya Kenya wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, hifadhi ya wanyama Mombasa, huko akamganda Mzee, kobe wa miaka kama 130, wakawa hawaachani. Kitabu ni cha picha za kamera sio michoro, kwahiyo kwa yule mtoto anayeuliza "kweli? kweli mama?" unamwambia kweli.

Sulwe cha Lupita Nyong'o, 2019, cha mtoto anayejiona mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Cha Kiswahili kipo pia. Sitakihadithia, ila wenye mabinti msikikose, na wenye watoto wa kiume pia maana wao ndo wanaotoa yale maneno shuleni.

HATUA YA 5: Kisome kwa Kiswahili chenu hata kama kimeandikwa Kingereza

Vitabu vya mtumba vinavyouzwa chini barabarani vingi ni vya Kingereza na vingine ni vizuri mno kwa bei ya maji ya chupa, usiviache kisa lugha. Lakini usitafsiri neno kwa neno. Angalia picha, hadithia.

Ngoja niwape kisa changu cha kiwavi. Kuna kitabu cha Eric Carle cha mwaka 1969, The Very Hungry Caterpillar, kiwavi anatoka kwenye yai Jumapili, alafu Jumatatu anakula epo moja, Jumanne peasi mbili, Jumatano plamu tatu, Alhamisi stroberi nne, Ijumaa machungwa matano, na kila tunda lina tundu la kweli kwenye karatasi ambalo mtoto anaingiza kidole. Nikamsomea dogo hivohivo kama kilivyo. Tukafika Jumatatu kakula moja, akaniangalia. "Mama, jumaTATU kala moja?" Nikasema ndio. "Juma-NNE kala mbili??" Jamani. Miaka yote naishi na hizi siku sijawahi kukaa nikawaza kwamba zinahesabika, mosi, pili, tatu, nne, tano, sisi juma letu linaanza Jumamosi.

Kesho yake nikabadili. Yai likapasuka Ijumaa. Jumamosi kala epo moja, Jumapili peasi mbili, Jumatatu plamu tatu, Jumanne stroberi nne, Jumatano machungwa matano. Inakaa sawasawa, hakuna picha hata moja unayoruka! Alafu ile siku anayokula makeki na masoseji mpaka tumbo linamuuma inaangukia Alhamisi, na siku anayokula jani moja la kijani akapona inakua Ijumaa. Yani kitabu cha mtu wa mbali kinafundisha siku za Kiswahili vizuri kuliko kile nilichonunua cha "siku za wiki". Plamu nazo nilianza kuziita zambarau, rangi zinafanana, akikua atajua ukweli.

Kwahiyo ruhusa unayo. Badili majina, badili matunda, mpe sungura lafudhi ya mjomba wako.

HATUA YA 6: Namna ya kukaa na kusoma

Mkalishe mapajani au ubavuni, sio mbele yako kama mwanafunzi. Kitabu ashike yeye na afunue yeye, hata akiruka kurasa tatu.

Anza na kava. "Unadhani huyu anaenda wapi?" alafu nyamaza. Hapa ndo wengi tunaharibu, tunauliza na kujibu wenyewe. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo, mtoto anachelewa kupanga maneno sio kwamba hana jibu. Na punguza yale maswali ya polisi, "hii nini? hii rangi gani? ziko ngapi?", nani anafurahia hadithi huku anapewa mtihani. Mwambie unachokiona wewe: "mh, mie naona huyu fisi ana jambo." Ataingia mwenyewe.

Sisi nyumbani tunaanza na paukwa, anaitikia pakawa, hapo hata mdogo anaacha alichokua anafanya anakuja na kimdoli chake. Inasaidia sana wakati wa kulala maana inakua kama kengele.

Akitaka kitabu kilekile siku ya kumi na tisa mfululizo, soma. Najua inaboa. Ila ukimwangalia utaona kila siku anashika kitu kingine, leo mdudu wa pembeni, kesho amejua neno, siku ya ishirini anakusahihisha ukikosea. Ukikosea makusudi anafurahi zaidi, jaribu.

Na siku akikataa, funga kitabu mkalale. Dakika tano zinatosha kabisa.

HATUA YA 7: Vya bure

Kama hela hamna au mnaishi mbali na maduka ya vitabu, ingia African Storybook, ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, umefunguka 2014, una vitabu vya picha kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo kingi tu. Vimepangwa kwa ngazi tano, ya kwanza ni neno moja moja au sentensi fupi, ya tano ni vya kumsomea mtoto kwa sauti. Wana na programu ya simu, ukishapakua kitabu unasoma hata bando limeisha. StoryWeaver ya India nayo ina vya Kiswahili. Ubora unapanda na kushuka maana watu wengi wanachangia, kwahiyo hatua ya 1 na ya 3 zinahusika huku pia, vipite kwanza mwenyewe kabla mtoto hajaviona.

Ushauri wangu, usimsomee kwenye simu. Wa kwangu kila tukifika ukurasa wa nne anataka katuni. Chagua viwili vitatu mpelekee mtu wa steshenari akuprintie, leseni yao inaruhusu. Rangi ni gharama, piga nyeusi tu alafu mtoto apake rangi mwenyewe, hapo tena hakiachi.

HATUA YA 8: Tengenezeni cha kwenu

Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, piga stepla mbili kwenye mkunjo. Umepata kitabu cha kurasa 16. Ukitaka kama vya dukani, ambavyo vingi vina kurasa 32, tumia nane ila stepla ya kawaida inaweza kugoma, shona na uzi.

Hadithi isiwe kubwa. Chetu kinaitwa Kuku wa Bibi Kapotea. Ukurasa wa kwanza kuku hayupo bandani. Kurasa zinazofata tunamtafuta, chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, kwenye gari la mkaa, na kila ukurasa kibwagizo ni "Kuku! Kuku wa bibi! Hayupo!" Ila kwenye kila picha mkia wake unaonekana mahali kidogo sana, hiyo nimeiba kwenye ufundi wa Handa. Sijui kuchora, kuku wangu anafanana na birika, na hakuna aliyelalamika.

Ukishamaliza peleka kava tu likawekwe laminesheni, za ndani acha.

HATUA YA 9: Vikae wapi, na vikichanika je

Vikae chini anapofika, kwenye beseni au boksi la mafuta, kava zikimwangalia yeye. Ukivipanga shelfu ya juu ili vidumu, vitadumu kweli na hakuna atakayevisoma. Weka sita saba tu, vingine ficha, baada ya wiki mbili badilisha, atavipokea kama vipya.

Vitachanika. Usimgombeze mtoto wa mwaka na nusu kwa kuchana karatasi, ndo kazi yake ya sasa. Nunua selotepu ile pana, kaa naye muunganishe pamoja, wewe ushike karatasi yeye akandamize kwa kidole gumba. Cha Handa chetu kina selotepu tisa na ukurasa wa tembo haupo kabisa, tukifika hapo dogo anafungua mikono anasema "tembo kala embe na karatasi yake", tunaendelea na twiga.